Fyuzi, Umeme na Sauti ya Nyumbani: Historia Fupi kutoka Minova, Ziwa Kivu

1.0 Utangulizi

Minova ni mji mdogo ulioko kaskazini-magharibi mwa Ziwa Kivu, katika wilaya ya Kalehe, Mkoa wa Kivu Kusini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Barabara itokayo Goma hupita Sake, hushuka Minova, kisha hufuata milima ya Kalehe hadi Bukavu. Kwa barabara hiyo, na kwa mashua za ziwani, hupita vyakula, madini na watu wanaokimbia vita. Hupita pia redio, spika, betri na paneli za jua. Kwa hiyo Minova ni mahali pazuri pa kuchunguzia suala ambalo kwa kawaida hujadiliwa mbali sana na hapo, yaani iwapo fyuzi ya thamani kubwa huweza kuboresha sauti ya vyombo vya muziki vya nyumbani.

Suala lenyewe lilizuka miongoni mwa wapenzi wa muziki wenye uwezo wa fedha katika Ulaya, Marekani na Asia. Tangu mwanzoni mwa karne ya 21, wafanyabiashara wamekuwa wakiuza fyuzi zilizopakwa dhahabu au kutengenezwa kwa fedha, kwa bei inayoweza kufikia mamia ya dola kwa kipande kimoja, ilhali fyuzi ya kawaida ya ukubwa uleule huuzwa kwa chini ya dola moja. Wanunuzi huahidiwa sauti pana zaidi, besi imara zaidi, na ukimya mkubwa zaidi baina ya noti.

Makala hii inakusudia kuonyesha mambo mawili. Kwanza, madai hayo hayana msingi katika elimu ya umeme wala katika majaribio ya usikivu yaliyofanywa kwa uangalifu. Pili, historia ya usikilizaji katika pwani ya Ziwa Kivu inathibitisha kwamba chanzo cha umeme ndicho kilichoamua ubora wa sauti nyumbani, na kwamba fyuzi ina thamani nyingine kabisa, ambayo kuipuuza kumegharimu mali na hata maisha ya watu.

2.0 Asili na Kazi ya Fyuzi

Neno fyuzi limeingia katika Kiswahili cha Tanzania na Kenya kutoka Kiingereza, na shina lake ni kitenzi chenye maana ya kuyeyuka. Katika Kivu, ambako lugha ya ofisi na ya mafundi ilikuwa Kifaransa tangu enzi ya Wabelgiji, kifaa hichohicho huitwa kwa neno la Kifaransa, fusible, ambalo nalo maana yake ni kile kinachoweza kuyeyuka. Lugha hizo mbili zimekubaliana juu ya jambo la msingi: fyuzi ni waya uliokusudiwa kuyeyuka. Mkondo wa umeme ukizidi kiwango kilichowekwa, waya huo hupata joto, huyeyuka na kukata njia kabla nyaya nyingine za nyumba hazijashika moto. Ni kifaa kinachotumika kikamilifu mara moja tu, na siku hiyo ndiyo siku ya kufa kwake.

Wazo hilo ni la zamani. Mwaka 1847 Mfaransa Louis Breguet alipendekeza vipande vya waya mwembamba vitumike kulinda vituo vya simu ya maandishi dhidi ya radi. Mwaka 1890 Thomas Edison alipata hataza ya fyuzi kama sehemu ya mfumo wake wa kusambaza umeme mijini. Tangu hapo umbo limebadilika mara nyingi: waya wa risasi au bati uliokazwa kwa skrubu, kigae cha kauri, kijibomba cha kioo. Kanuni imebaki ileile.

Inafaa kukumbuka hapa kwamba neno umeme lenyewe, kabla ya kupewa maana ya nguvu iendeshayo taa na redio, lilikuwa na maana ya ule mwako wa radi angani. Katika mashariki mwa Kongo maana hizo mbili hazijaachana sana. Uchunguzi wa vipimo vya setilaiti uliochapishwa mwaka 2016 uliliweka eneo lililotajwa kwa jina la Kabare, mashariki mwa Kongo, katika nafasi ya pili duniani kwa wingi wa radi, baada ya Ziwa Maracaibo la Venezuela. Makadirio yalikuwa takriban miako 205 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Hofu aliyokuwa nayo Breguet juu ya nyaya za simu inaeleweka vyema katika nchi ya namna hiyo, ingawa ni lazima isemwe kwamba fyuzi ndogo ya redio haina haraka ya kutosha kuzuia pigo la radi. Inachoweza kuzuia ni moto unaofuata pale chombo kilichoungua kinapoendelea kuvuta umeme.

Kuna uhusiano mwingine baina ya fyuzi na ardhi ya Kalehe. Mwaka 1939 mhandisi A. W. Metcalf alieleza jinsi tone dogo la bati likiwekwa juu ya waya wa fyuzi linavyoufanya uyeyuke katika joto la chini zaidi, kwa kuwa bati likiyeyuka huchanganyika na madini ya waya huo na kuudhoofisha. Kanuni hiyo ingali ikitumika katika fyuzi nyingi zinazochelewa kukatika kwa makusudi. Bati hilohilo ndilo kiini cha lehemu inayounganisha sehemu za kila redio na kila kikuza sauti. Katika milima ya Kalehe, mathalani katika mgodi wa Kalimbi huko Nyabibwe, wachimbaji wadogo huchimba kasiteriti, yaani mawe ambamo bati hupatikana. Nchi inayotoa malighafi ya fyuzi ni nchi ambayo fyuzi halali ni vigumu kupatikana mtu anapoihitaji.

3.0 Sauti Kabla ya Fyuzi

Muziki uliohifadhiwa uliingia Afrika Mashariki na ya Kati bila kuhitaji umeme wowote nyumbani. Siti binti Saad wa Unguja aliporekodiwa Bombay mwaka 1928, santuri zake zilikuwa za kuchezwa kwa gramafoni za kuzungusha kwa mkono. Huko Léopoldville, kampuni ya Ngoma ilianza kutoa santuri mwaka 1948, na katika mwaka huohuo wimbo wa Wendo Kolosoy uitwao Marie-Louise ukapata umaarufu mkubwa. Springi ya gramafoni ilipolegea, mwimbaji alianza kuimba polepole na kwa sauti nzito, mpaka mtu aliponyanyuka kuzungusha tena. Msikilizaji alitambua kwa sikio lake kwamba sauti hutegemea nguvu inayoiendesha.

Redio ya nyumbani ilifuata, nayo ikakumbana na tatizo la nguvu kwa namna nyingine. Mwaka 1949 ilianza kuuzwa huko Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia, redio ya bei nafuu iliyotengenezwa kwa ajili ya wasikilizaji Waafrika. Umbo lake la duara kama sufuria liliipatia jina lake. Bei yake ilikuwa pauni 5, na betri yake kubwa ililipiwa mbali. Redio za transista zilipoenea tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, gharama hiyo ilipungua lakini haikutoweka. Katika Kivu, kama katika sehemu nyingine nyingi za Uswahilini, betri kavu zilipewa jina la mawe, na desturi ya kuzianika juani ili kuzikamua uhai kidogo zaidi ikawa ya kawaida. Mawe yalipoelekea kuisha, sauti ilififia, ikakwaruza, kisha ikanyamaza.

Ubora wa sauti katika mazingira hayo haukuwa anasa. Radio Maendeleo ilianzishwa Bukavu mwaka 1993. Mwaka 1994 Radio Agatashya ilianza kutangaza kutoka mji huohuo kwa ajili ya watu wa eneo la Maziwa Makuu waliokuwa wametawanywa na mauaji ya kimbari ya Rwanda na vita vilivyohusiana nayo. Ilinyamaza mwaka 1996 vita vilipofika Bukavu. Radio Okapi, ambayo Kiswahili ni mojawapo ya lugha zake, ilianza mwezi Februari 2002. Mwezi Mei 2021, baada ya Nyiragongo kulipuka na sehemu za Goma kuamriwa kuhama, maelfu ya watu walielekea Sake, Minova na Bukavu. Mwezi Januari 2025 vita vilifika Minova yenyewe na, siku chache baadaye, Goma. Katika nyakati kama hizo, tofauti kati ya redio inayosikika wazi na redio inayokwaruza yaweza kuwa tofauti kati ya kujua njia iliyo salama na kutoijua.

4.0 Umeme wa Ruzizi na Mpaka wa Plagi

Umeme wa gridi ulipata nguvu katika pwani ya Ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, bwawa la Ruzizi I lilipoanza kazi karibu na Bukavu, mahali ambapo maji ya ziwa huanza safari ya kwenda Tanganyika. Shirika la umeme la taifa, SNEL, liliundwa mwaka 1970. Bwawa la Ruzizi II, mali ya pamoja ya Burundi, Rwanda na nchi iliyokuwa ikiitwa Zaire, lilizinduliwa mwaka 1989. Hata hivyo miji ilikua kwa kasi kuliko mitambo. Kina cha ziwa kilipopungua katikati ya miaka ya 2000, uzalishaji ulishuka. Katika miaka ya karibuni takataka za plastiki zinazochukuliwa na maji zimekuwa zikiziba mitambo na kusababisha umeme kukatika. Nje ya miji mikubwa, nyumba nyingi hazijaunganishwa na gridi yoyote, na hutegemea jenereta au nguvu ya jua.

Palipo na umeme wa gridi, tatizo la pili ni kupanda na kushuka kwa volti. Kiwango rasmi ni volti 220, lakini laini iliyolemewa na wateja wengi, baadhi yao wakiwa wamejiunganisha wenyewe, huishiwa nguvu jioni watu wanapowasha majiko na pasi. Usiku wa manane volti hupanda tena. Ndiyo sababu kidhibiti volti kimekuwa karibu sehemu ya televisheni na redio katika nyumba nyingi za Bukavu na Goma.

Kuhusu fyuzi, kuna mpaka wa kihistoria unaopita mashariki mwa Kongo ambao hauonekani katika ramani yoyote. Nchini Uingereza, baada ya Vita vya Pili vya Dunia, shaba ilikuwa adimu. Ili kuipunguza, wahandisi walibuni mtindo wa kuzungusha waya mmoja wa umeme nyumba nzima kama pete. Kwa kuwa pete hiyo ililindwa na fyuzi kubwa ya ampea 30, kila kifaa kilihitaji ulinzi wake binafsi, na kwa hiyo plagi ya pini tatu iliyoidhinishwa mwaka 1947 ikawekewa fyuzi ndogo ndani yake. Plagi hiyo ilienea Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar pamoja na utawala wa Waingereza, nayo ingali ikitumika katika nchi hizo. Kongo, Rwanda na Burundi zilirithi mitindo ya Ulaya bara, ambamo plagi haina fyuzi. Ulinzi huwekwa katika sanduku la mita na ndani ya kifaa chenyewe.

Matokeo ya mpaka huo huonekana katika biashara. Bidhaa nyingi za mashariki mwa Kongo hupitia bandari za Mombasa na Dar es Salaam. Kikuza sauti kilichotengenezwa kwa soko la Kenya au Uganda kikivuka mpaka hutiwa adapta, au plagi yake hukatwa na kufungwa nyingine inayoingia katika soketi za Kongo. Plagi ikikatwa, fyuzi yake huondoka nayo. Kinachobaki ni ile fyuzi ndogo ya kioo iliyo nyuma ya chombo au ndani yake, na ndiyo hiyo ambayo wauzaji wa fyuzi za dhahabu wanataka kuibadilisha.

5.0 Madai ya Fyuzi Bora na Uzito Wake

Imani kwamba kila sehemu ya chombo ina sauti yake haikuanza na fyuzi. Jarida la Stereophile lilianzishwa Marekani mwaka 1962 na The Absolute Sound mwaka 1973, na yote mawili yalilifanya sikio la mhakiki kuwa kipimo kikuu cha ubora. Kutoka spika na vikuza sauti, mjadala ulihamia nyaya za spika, kisha nyaya za umeme, na hatimaye fyuzi. Hoja inayotolewa ina mvuto wake: umeme wote unaotumiwa na chombo hupita katika waya ule mwembamba, hivyo waya huo hapana budi ni kizuizi, ukifanywa kwa madini bora zaidi, muziki utapita kwa uhuru zaidi.

Hoja hiyo inaweza kupimwa kwa hesabu nyepesi. Ichukuliwe mfano wa kikuza sauti kinachotumia wati 100 katika umeme wa volti 220. Mkondo wake ni takriban ampea 0.45. Fyuzi ndogo ya kioo inayofaa kifaa hicho inaweza kuwa na ukinzani wa takriban ohmu 0.05. Volti zinazopotea katika fyuzi ni zao la tarakimu hizo mbili, yaani volti 0.02 hivi, ambayo ni sehemu moja kati ya elfu kumi ya umeme unaoingia. Waya wa shaba wenye unene wa milimita 1.5 za mraba, ukienda mita 30 kutoka kwenye mita hadi sebuleni na kurudi, una ukinzani wa karibu ohmu 0.7, yaani mara 14 ya ule wa fyuzi. Mbele zaidi kuna nyaya za mtaani, transfoma na laini nzima hadi Ruzizi, ambako volti hupanda na kushuka kwa makumi kwa siku moja. Anayetumia mamia ya dola kuondoa sehemu ya ile volti 0.02 anafagia kizingiti cha nyumba iliyo katikati ya dhoruba ya vumbi.

Zaidi ya hayo, muziki haupiti katika fyuzi ya umeme. Umeme unaoingia hupunguzwa na transfoma, hugeuzwa kuwa mkondo wa upande mmoja, kisha huhifadhiwa katika kapasita kubwa, ambazo ndizo zinazokipa kikuza sauti nguvu pale ngoma inapopigwa ghafla. Wapo wanaodai pia kwamba fyuzi ina upande wake, na kwamba ikigeuzwa sauti hubadilika. Umeme wa gridi ya Kongo ni wa hezi 50. Hugeuza mwelekeo wake mara 100 kila sekunde. Hakuna upande ambao fyuzi yaweza kuupendelea.

Lipo jambo moja linalostahili kukubaliwa kwa haki. Fyuzi ikiwekwa katika waya uendao kwenye spika, mahali ambapo muziki wenyewe hupita, waya wake hupata joto na kupoa kwa kufuata besi, na ukinzani wake hubadilika pamoja nao. Upotoshaji mdogo wa sauti nzito waweza kupimwa kwa vyombo, hasa mkondo unapokaribia kiwango cha fyuzi kukatika. Wahandisi walilijua jambo hilo zamani, na dawa yao ilikuwa kuiondoa fyuzi katika njia ya spika na kutumia ulinzi wa aina nyingine. Dhahabu haingesaidia, kwa sababu fyuzi isiyopata joto haiwezi kuyeyuka, na isiyoweza kuyeyuka si fyuzi tena.

Hata hivyo watu wengi waaminifu husema kwamba wameisikia tofauti kwa masikio yao. Ushahidi wao haufai kudharauliwa, unafaa kuelezwa. Mwaka 1950 W. A. Munson na Mark Gardner, na baadaye David Clark katika makala yake ya mwaka 1982, walieleza njia ya kumlinganishia msikilizaji sauti mbili bila yeye kujua ipi ni ipi. Mwaka 1994 Floyd Toole na Sean Olive walionyesha kwamba wasikilizaji walewale walizipa spika zilezile alama tofauti walipoziona na walipozisikia bila kuziona. Ikiwa macho yaweza kubadili hukumu juu ya spika, ambazo hutofautiana kwa kweli, ni rahisi zaidi kubadili hukumu juu ya fyuzi ambazo hazitofautiani. Tena, mtu anayebadilisha fyuzi huzima chombo, hukifungua, hukifunga na kukiwasha upya. Dakika kadhaa hupita na kumbukumbu ya sauti hufifia. Katika Bukavu, volti nazo huenda zimebadilika katika muda huohuo.

6.0 Pale Fyuzi Inapobadili Sauti kwa Kweli

Ingekuwa makosa kuhitimisha kwamba fyuzi haina uhusiano wowote na sauti. Katika Minova, na katika vijiji vingi vya Kalehe, chombo cha muziki mara nyingi hakitumii volti 220 bali volti 12 za betri inayochajiwa na paneli ya jua au iliyotolewa kwenye gari. Hapo hesabu hubadilika. Kikuza sauti cha wati 60 katika volti 12 huvuta ampea 5, zaidi ya mara kumi ya mkondo wa mfano uliotangulia, na kila sehemu ndogo ya ukinzani ina uzito wake.

Fyuzi nzima haileti shida hata hapo. Shida huletwa na kishikio chake. Unyevu wa ziwani hutia kutu vibanio vya shaba, springi hulegea, na sehemu ya mgusano ikafikia ukinzani wa ohmu 0.3. Volti moja na nusu hupotea hapo, kikuza sauti kikapata volti 10.5, na nguvu kubwa kabisa kinachoweza kutoa hupungua kwa karibu robo. Besi hukatika na sauti ya mwimbaji hukwaruza kila ngoma inapopigwa. Fundi akiondoa fyuzi ya zamani, akasugua kishikio na kutia nyingine mpya, muziki hurudi. Huyo amesikia tofauti ya kweli, na angeisikia kwa fyuzi ya bei ya chini kabisa. Yawezekana kwamba baadhi ya wanaosifu fyuzi ghali walisafisha kishikio bila kujua kwamba ndicho walichokuwa wakikitengeneza.

Tatizo la pili ni zito zaidi. Pale fyuzi inapokatika na nyingine haipatikani, au inapatikana lakini mwenye chombo hana fedha wala subira, njia iliyozoeleka ni kufunga waya wa shaba au karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara mahali pake. Chombo huwaka, muziki huendelea, na sauti ni ileile. Kwa kweli, jaribio hili lisilokusudiwa ni ushahidi mzuri dhidi ya fyuzi ghali: waya mnene wa shaba una ukinzani mdogo kuliko fyuzi yoyote iliyopakwa dhahabu, na bado hakuna msikilizaji anayesimama katikati ya sherehe na kusema kwamba muziki umeboreka kwa sababu fyuzi imeondolewa.

Kilichoondoka ni ulinzi. Waya ambao fyuzi ilikuwa iyeyuke badala yake sasa ndio utakaopata joto, na huenda umepigiliwa kwenye ukuta wa mbao. Mitaa ya Bukavu yenye nyumba za mbao zilizobanana, kama Nyamugo katika Kadutu, imekumbwa na mioto zaidi ya mara moja, na moto katika mitaa ya namna hiyo hauishii katika nyumba ulikoanzia. Vyanzo vya mioto ni vingi. Mishumaa, makaa na mafuta ya taa vimo miongoni mwake. Lakini umeme usio na kinga ni chanzo ambacho dawa yake inajulikana tangu karne ya 19 na bei yake ni ndogo kuliko ya chupa ya soda. Betri ya volti 12 nayo haipaswi kudharauliwa kwa udogo wa volti zake. Ncha zake zikigusana, yaweza kutoa mamia ya ampea kwa ghafla, na waya usio na fyuzi karibu na betri hugeuka kuwa uzi wa moto katika sekunde chache.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Anayefunga waya mahali pa fyuzi amekataa kuziba ufa ambao tayari umeonekana, kwa maana fyuzi haikatiki pasipo sababu. Ikiwa imekatika, aidha kiwango chake hakikuwa sahihi au kuna kitu ndani ya chombo kilichoharibika. Fundi stadi huanza kwa kutafuta sababu hiyo. Kisha huweka fyuzi yenye ampea zilezile zilizoandikwa kwenye chombo, na ya aina ileile, iwe ya kukatika haraka au ya kuchelewa, kwani kikuza sauti chenye transfoma kubwa huvuta mkondo mwingi kwa muda mfupi kinapowashwa, na fyuzi ya haraka itakatika bure.

7.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba fyuzi iliyoboreshwa kwa dhahabu au fedha haiboreshi sauti ya vyombo vya nyumbani. Upungufu wa volti unaotokana na fyuzi ya kawaida ni mdogo mno ukilinganishwa na ule wa nyaya na wa laini ya umeme. Muziki haupiti katika fyuzi hiyo. Na msikilizaji anayejua alichonunua si shahidi anayeweza kutegemewa peke yake. Historia ya Kivu, kutoka springi ya gramafoni hadi mawe ya redio, kutoka Ruzizi hadi paneli ya jua, ni historia ya watu waliojifunza kwa masikio yao kwamba nguvu ikiwa dhaifu sauti huwa dhaifu. Kwa mwenye dola mia moja na hamu ya kusikia vizuri zaidi huko Minova, betri imara, nyaya nene, vishikio safi na spika bora vitampa kile ambacho fyuzi ya dhahabu humwahidi.

Thamani ya fyuzi haisikiki, na labda ndiyo maana imekuwa rahisi kuitukuza kupita kiasi kwa upande mmoja wa dunia na kuitupa kwa upande mwingine. Mnunuzi tajiri anailipia sauti isiyokuwa nayo. Mwenye redio wa Kalehe anaiondoa kwa sababu muziki unaendelea bila hiyo. Wote wawili wameipima kwa sikio, ilhali kazi yake ni kusubiri kimya siku ambayo kitu kitaharibika. Kama kuna hatua moja ambayo mafundi, wauzaji wa vipuri na walimu wa vyuo vya ufundi wa pwani ya Kivu wangeweza kuichukua kwa gharama ndogo, ni kuhakikisha kwamba fyuzi za kawaida, za viwango sahihi, zinapatikana sokoni kando ya betri na spika, na kwamba mnunuzi anaelezwa kwa lugha anayoielewa kwa nini waya wa shaba hauwezi kushika nafasi yake.